Kusoma ardhi kwa mitetemo yake ya kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ardhi haitulii hata dakika moja. Weka kipima mtetemo kwenye sakafu ya chumba kilichofungwa, usiku wa manane, watu wote wamelala, na bado kitaandika: bahari inayopiga mamia ya kilomita kutoka hapo, lori linalopita barabara kuu, mti unaotikiswa na upepo na kuvuta mizizi yake. Kwa miaka mingi wataalamu wa matetemeko waliihesabu mitetemo hii kuwa uchafu wa kuchujwa kwenye rekodi. Leo tunaitumia kujua kilichopo mita chache, au mamia ya mita, chini ya nyayo zetu. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa zaidi na wanafunzi, wahandisi wa ujenzi, na wapita njia wanaotukuta tumeinama juu ya kisanduku kidogo kando ya barabara.

Hiyo "kelele" ya ardhi ni nini hasa, na inatoka wapi?

Ni mtikisiko mdogo usiokoma, mdogo kiasi kwamba mwili wa binadamu hauuhisi. Chanzo chake hutegemea frikwensi, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Chini ya hezi 1 mwenye sauti ni bahari. Sehemu ya mtikisiko huo hutokana na mawimbi yanayosukuma sakafu ya bahari penye maji mafupi, nao hufuata mapigo yaleyale ya mawimbi. Sehemu kubwa zaidi huja na mapigo maradufu, kila sekunde 5 hadi 8 hivi. Mwaka 1950 Michael Longuet-Higgins alieleza sababu yake: mawimbi mawili ya bahari yanayokutana uso kwa uso huzaa msukumo wa maji ambao haufifii kwa kina, ukafika hadi chini kabisa na kuigonga sakafu kwa frikwensi mara mbili ya ile ya mawimbi yenyewe.

Juu ya hezi 1 wenye sauti ni sisi: magari, treni, viwanda, pampu, nyayo. Kelele hiyo hupanda asubuhi na kushuka usiku. Mwaka 2020, shughuli zilipofungwa kwa sababu ya korona, vituo vya matetemeko sehemu nyingi za dunia viliandika ukimya wa mitetemo ya binadamu ambao haukuwahi kuonekana, na mahali pengine kelele ilipungua hadi nusu.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Miaka ya 1870 padre Mwitalia Timoteo Bertelli alikuwa akitazama pendulo kwa hadubini na kuona haitulii hata siku isiyo na tetemeko lolote. Na kuna mtikisiko mmoja wa ajabu unaonipendeza kuliko yote: pigo la kila sekunde 26 hivi linalotoka Ghuba ya Guinea, Afrika Magharibi, ambalo Jack Oliver aliliandikia tangu 1962. Vituo vya mbali kabisa na Afrika hulipokea, na mpaka leo wataalamu wanabishana kuhusu kinacholisababisha.

Mitetemo ya ovyoovyo itawezaje kunieleza udongo ulivyo?

Chanzo ni cha ovyo, lakini njia si ya ovyo. Mtikisiko ukishaingia ardhini lazima utii ardhi unayopita. Sehemu kubwa ya kelele hii husafiri kama mawimbi ya uso, hasa yale yanayoitwa mawimbi ya Rayleigh, kwa jina la mwanafizikia Mwingereza aliyeyaeleza mwaka 1885. Mawimbi haya yana tabia moja yenye thamani kubwa: wimbi refu hugusa kina kirefu, wimbi fupi hubaki karibu na uso. Kwa kawaida ardhi ya chini ni ngumu kuliko ya juu, kwa hiyo wimbi refu hukimbia na fupi hujikokota. Ukipima kasi ya kila frikwensi, umepata habari za tabaka baada ya tabaka bila kuchimba shimo.

Chukua mfano. Wimbi la hezi 10 linalosafiri mita 200 kwa sekunde lina urefu wa mita 20. Kwa kanuni ya mkono, linahisi kina cha theluthi hadi nusu ya urefu wake, yaani mita 7 hadi 10. Wimbi la hezi 2 linalokwenda mita 400 kwa sekunde lina urefu wa mita 200, nalo linakupeleka mita 65 hadi 100 chini. Hakuna nyundo inayoweza kutoa mtikisiko mzuri wa hezi 2. Bahari na malori hutoa bure.

Njia ya H/V ni ipi, na mbona kila mtu anaitaja?

Kwa sababu inahitaji kifaa kimoja tu. Kipima mtetemo chenye pande tatu huandika mtikisiko wa juu-chini, wa kaskazini-kusini na wa mashariki-magharibi. Ukigawanya nguvu ya mtikisiko wa ulalo (H) kwa nguvu ya mtikisiko wa wima (V), frikwensi moja baada ya nyingine, mara nyingi grafu huonyesha kilele. Wajapani Nogoshi na Igarashi waliionyesha njia hii mwaka 1971, na Yutaka Nakamura, aliyekuwa mtafiti wa masuala ya reli nchini Japani, akaieneza duniani kwa makala yake ya 1989.

Kilele hicho hutokea karibu na frikwensi asilia ya udongo, ile ambayo tabaka laini lililolalia mwamba "hupenda" kutikisika nayo. Hesabu yake ni fupi: gawa kasi ya mawimbi S ya tabaka hilo (yale yanayoitikisa ardhi kwa kukingama na njia yanayopita) kwa mara nne ya unene wake. Tabaka la mita 20 lenye kasi ya mita 200 kwa sekunde linatoa 200 kugawanya kwa 80, yaani hezi 2.5.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa tabaka la mita 40 lenye kasi ya mita 400. Jibu ni hezi 2.5 vilevile. Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wasimame kidogo. Kilele peke yake hakikupi unene. Kinakupa uwiano wa kasi na unene, na ili upate kimoja lazima kingine ukijue kwa njia nyingine. Nimesoma ripoti zinazotaja kina cha mwamba hadi sentimita kwa kutegemea kilele kimoja na kasi iliyokisiwa mezani. Ripoti kama hiyo inampa mhandisi uhakika ambao vipimo havikuutoa, na jengo litakalosimama pale halitajua kwamba namba ilikuwa ya kukisia.

Jambo la pili: urefu wa kilele si kipimo cha mara ngapi ardhi itakuza tetemeko. Frikwensi yake inaaminika pale tofauti kati ya udongo na mwamba ni kubwa. Kimo chake hutegemea pia mchanganyiko wa mawimbi yaliyokuwepo siku ile, na wataalamu hawajakubaliana wote kama kilele chenyewe hujengwa zaidi na mawimbi ya uso au na mawimbi S yanayopanda na kushuka ndani ya tabaka.

Kwa nini frikwensi asilia ya udongo iwe muhimu kiasi hicho?

Jibu ni Mexico City, tarehe 19 Septemba 1985. Tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilitokea pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka jijini. Kwa umbali huo mji ungetazamiwa kutikisika kidogo tu. Lakini sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya kitanda cha ziwa la kale, mfinyanzi mlaini uliojaa maji, na mahali pengi mfinyanzi ule hutikisika kwa pigo la sekunde 2 hivi. Mawimbi yaliyofika na pigo hilo yalikuzwa mara nyingi zaidi ya yalivyokuwa kwenye vilima vya mwamba vya jirani.

Majengo yaliyoumia zaidi hayakuwa mafupi wala marefu kabisa, bali ya katikati, kama ghorofa 6 hadi 15. Jengo la ghorofa 10 huwa na pigo la karibu sekunde 1. Likianza kupasuka hulegea, pigo lake hurefuka, na kwa kurefuka linazidi kukaribia pigo la udongo. Yaani kila ufa ulilisogeza jengo kwenye mdundo uliokuwa ukiliua. Maelfu ya watu walikufa. Frikwensi ya udongo ule inaweza kupimwa kwa kelele ya kawaida, siku isiyo na tetemeko, kwa chini ya saa moja kila sehemu. Ndiyo maana naona upimaji huu ni kazi ya kuokoa maisha, na si zoezi la maabara tu.

Kama kifaa kimoja hakitoshi, vifaa vingi vinaongeza nini?

Vinaongeza kasi, ile iliyokosekana kwenye hesabu ya H/V. Mwaka 1957 Keiiti Aki wa Japani alionyesha kwamba ukiweka kipima mtetemo kimoja katikati na vingine kuzunguka duara, kisha ukalinganisha rekodi ya katikati na za pembezoni na kuchukua wastani wa pande zote, wastani huo hutegemea kasi ya wimbi na nusu kipenyo cha duara tu. Huhitaji kujua kelele imetoka wapi. Mimi huona hili ni moja ya mawazo mazuri zaidi katika jiofizikia nzima: vyanzo ambavyo hatuvijui vinajifuta vyenyewe kwa sababu vimetuzunguka.

Jack Capon mwaka 1969 alitoa njia nyingine, inayotafuta wimbi limetoka upande gani na kwa kasi gani. John Louie mwaka 2001 akaeleza jinsi ya kutumia mstari mmoja wa jiofoni (vipima mtetemo vidogo vya kuchomeka ardhini) za kawaida, zilezile za uchunguzi wa mwamba kwa nyundo. Njia ya mstari ni rahisi kando ya barabara, ila ina hatari yake: kelele ikija kwa pembe badala ya kufuata mstari, kasi inayoonekana huwa kubwa kuliko ya kweli, na ardhi itaonekana ngumu kuliko ilivyo. Kosa la upande huo ndilo baya zaidi kwa usalama. Panapokuwa na nafasi, chagua duara, pembetatu au hata umbo la L.

Na ile habari ya kuzalisha "tetemeko" kati ya vituo viwili?

Ni ndugu wa wazo la Aki. Ukilinganisha rekodi ndefu za vituo viwili, huku ukisogeza moja mbele na nyuma kwa wakati, yale yanayofanana hujilimbikiza na yasiyofanana hufutana. Kinachobaki ni kama rekodi ambayo kituo cha pili kingeandika endapo mtu angeigonga ardhi pale kilipo kituo cha kwanza. Mwaka 2005 Nikolai Shapiro, Michel Campillo na wenzao walitumia kelele ya vituo vya California kuchora ramani ya kasi ya mawimbi ya uso, na mabonde ya mashapo yakajitokeza yakitofautiana wazi na milima. Hawakungoja tetemeko hata moja.

Kwa ardhi ya karibu tunafanya vilevile kwa vituo vilivyoachana makumi ya mita na kwa frikwensi za juu. Sharti ni moja: kelele itoke pande nyingi. Barabara kuu ikiwa upande mmoja tu, matokeo huegemea upande huo, na dalili yake huonekana mapema, kwani nusu moja ya ulinganisho hujaa na ya pili hubaki tupu.

Nitafika kina gani?

Mpangilio wa vifaa ndio unaoamua. Kwa kawaida urefu wa wimbi unaoaminika hufika mara mbili au tatu ya upana wa mpangilio, na kina ni theluthi hadi nusu ya urefu huo. Kwa hiyo mpangilio wa mita 50 unakupa takriban mita 50, pengine zaidi kidogo. Ukizitenganisha jiofoni mno, unapoteza habari za mita za juu kabisa, kwa hiyo anza na mpangilio mdogo kisha utanue. Angalia pia kifaa: jiofoni ya hezi 4.5 haisikii vizuri mawimbi ya hezi 0.5, hata ukiiacha pale siku nzima.

Kifaa kiwekweje ardhini?

Hapa ndipo vipimo vingi hufa kabla havijazaliwa. Fyeka nyasi, usiweke juu yake, maana nyasi ni godoro. Udongo uliolimwa karibuni, matope na kifusi havifai. Chimba kidogo mpaka uguse udongo ulioshikana, bonyeza miguu ya kifaa iume, kisha kaza skrubu mpaka kiputo cha hewa kikae katikati ya duara. Elekeza alama kaskazini. Funika kwa ndoo au sanduku lisilogusa kifaa, na juu ya ndoo weka jiwe. Waya nao usining'inie: upepo ukiupiga, unatikisa kifaa kama mtu anayevuta kamba ya kengele. Kisha ondoka. Kusimama mita mbili kutoka hapo ukizungumza na simu ni kuandika nyayo zako mwenyewe kwenye rekodi.

Lami na zege gumu kwa kawaida havina shida. Upepo una shida kubwa kuliko wengi wanavyodhani, hasa karibu na miti, nguzo na majengo marefu, na huharibu zaidi frikwensi za chini. Mvua ya manyunyu inavumilika, mvua kubwa hapana. Andika kila kitu daftarini: saa, hali ya hewa, gari lililopita, jenereta inayonguruma jirani. Wiki mbili baadaye, mbele ya kompyuta, mstari mmoja wa daftari unaweza kueleza kilele ambacho kingekusumbua siku nzima.

Nirekodi kwa muda gani?

Mwongozo wa mradi wa Ulaya uitwao SESAME, uliotolewa 2004, ndio unaofuatwa na wengi. Unashauri angalau dakika 10 kama kilele kinatarajiwa kwenye hezi 1, dakika 20 kwa hezi 0.5 na dakika 30 kwa hezi 0.2. Mimi huongeza maradufu, kwa sababu vipande vyenye magari ya karibu vitakatwa. Ukiwa na mpangilio wa vifaa vingi, saa moja ni kiasi cha kawaida. Kwa ulinganisho wa vituo viwili kwa frikwensi za chini, fikiria siku na wiki.

Nimepata kilele kikali. Ni ardhi au ni mashine?

Tazama umbo lake. Kilele cha ardhi huwa na mabega mapana kiasi, na mara nyingi hutokana na mtikisiko wa wima kupungua pale ambapo ule wa ulalo hauanguki. Kilele cha mashine ni chembamba kama sindano, nacho huonekana kwenye pande zote tatu kwa frikwensi ileile. Punguza ulainishaji wa grafu: cha mashine kitazidi kuwa chembamba. Kumbuka hesabu za mashine pia. Jenereta inayozunguka mara 1,500 kwa dakika huzunguka mara 25 kwa sekunde, kwa hiyo ukiona sindano kwenye hezi 25, tembea ukaitafute kabla hujaandika neno lolote kuhusu mwamba. Dawa nyingine ni kurudia usiku, au kusogea mita mia kadhaa. Mashine huzimwa, mwamba hauzimwi.

Je, njia hii inaondoa haja ya kuchoronga?

Hapana. Kelele inakupa kasi ya mawimbi, haikupi jina la udongo. Mchanga ulioshikana na mfinyanzi mgumu vinaweza kuwa na kasi moja. Isitoshe, matabaka ya aina tofauti yanaweza kutoa grafu ileile ya kasi, kwa hiyo ripoti ya haki huonyesha kundi la majibu yanayokubalika badala ya mstari mmoja mnene. Namna bora ni ndoa ya njia mbili: shimo moja au mawili ya kuchoronga, kisha kelele ikujazie nafasi iliyo kati yake. Na wanaouliza kuhusu dhahabu au mkondo wa maji: hapana, haionyeshi hayo moja kwa moja, na anayekuahidi hivyo anakudanganya.

Wahandisi hutaja Vs30. Ni nini?

Ni wastani wa kasi ya mawimbi S katika mita 30 za juu, unaopatikana kwa kugawanya 30 kwa muda ambao wimbi hutumia kuzipita. Kanuni za ujenzi za Ulaya zinazojulikana kama Eurocode 8, katika toleo lake la 2004, huita mwamba ardhi yenye zaidi ya mita 800 kwa sekunde, na chini ya 180 ni udongo mlaini. Mpangilio wa kelele huipata namba hii vizuri kuliko inavyopata kina halisi cha kila tabaka, kwa sababu makosa ya matabaka hufidiana kwenye wastani.

Inaweza kuonyesha mabadiliko, au ni picha ya siku moja tu?

Inaweza, na hapa ndipo kelele inapozipita njia nyingine, kwa sababu haikomi. Ukirudia ulinganisho wa vituo vilevile kila siku, unaona kasi ikipanda na kushuka. Kwenye volkano ya Piton de la Fournaise, kisiwani Réunion, Florent Brenguier na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba kasi ilipungua kwa kiasi kama asilimia 0.1 kabla ya milipuko. Huko Pont Bourquin, Uswisi, kasi ndani ya mteremko unaoporomoka ilishuka kwa asilimia 7 siku chache kabla ya udongo kuporomoka Agosti 2010. Ugumu ni kwamba mvua, joto na kina cha maji ardhini navyo huibadilisha kasi, kwa hiyo lazima upate kwanza rekodi ya misimu ya kawaida ndipo utambue jambo lisilo la kawaida.

Je, imewahi kutumika nje ya Dunia?

Ndiyo. Wanaanga wa Apollo 17 waliacha jiofoni nne Mwezini mwaka 1972. Mwezi hauna bahari ya maji wala upepo, lakini jua linapochomoza na kuzama, ardhi yake hupata joto na baridi kali, hupasuka na kutikisika. Mwaka 2005 Eric Larose na wenzake walitumia mitikisiko hiyo kupima kasi ya mawimbi katika mita za juu za udongo wa Mwezi.

Nataka kuanza. Nifanye nini kwanza?

Tafuta mahali palipochorongwa, ambapo unajua tayari mwamba uko kina gani. Azima kipima mtetemo cha pande tatu, rekodi dakika 40 mchana na dakika 40 usiku sehemu ileile. Fungua rekodi kwa Geopsy, programu ya bure inayotumiwa na watafiti wengi. Kabla hujabonyeza kitufe cha H/V, tazama rekodi ghafi yenyewe kwa macho, dakika baada ya dakika, mpaka uweze kusema hili ni gari, huu ni upepo, hii ni nyayo. Kisha linganisha kilele cha mchana na cha usiku, na uone kama vinakubaliana na shimo. Visipokubaliana, rudi pale na ndoo yako, uchimbe kidogo zaidi, uweke kifaa upya.